Lori la Afande

Kwa miaka yote niliyokaa Kampala sikumwona Afande akiangalia kulia wala kushoto kabla ya kuvuka barabara. Aliinua kiganja, akaanza kutembea. Akiwa kazini, ndani ya ile yunifomu nyeupe ya trafiki, hilo halikumshangaza mtu. Lakini alifanya vilevile Jumapili, akiwa amevaa gauni la gomesi la kanisani na mkoba kwapani, pale Wandegeya ambapo bodaboda hazisimami hata kwa jeneza. Kwake zilisimama. Siku moja dereva wa teksi alifunga breki hadi abiria wake wakabusu viti vya mbele. Akatoa kichwa dirishani amtukane, akamwona uso, akasema, "Pole, nyabo," yaani mama, na mpaka leo sijui alikuwa anampa pole ya nini.

Nilimfahamu kwenye duka la Wafula. Wafula alikuwa mtu wa Bungoma aliyekuja Kampala kuuza wino wa printa akabaki na printa. Alichapisha kazi za wanafunzi wa chuo, alijaza nyimbo kwenye simu, na aliuza michezo ya kompyuta. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Nilimaliza kidato cha nne Kitale, nikapita Kisumu, nikapita Busia, na Kampala nilikuja kusalimia tu. Miguu yangu ina tabia hiyo. Hukataa pale inapotakiwa kukaa, na hukaa pale ilipokuja kusalimia.

Siku ya kwanza Afande aliposimama mlangoni na kusema kwa Kiswahili, "Habari ya hapa," wanafunzi wawili waliokuwa wakingoja kuchapisha walisimama wima. Mmoja akatoa kitambulisho. Kampala ile Kiswahili hakikuwa lugha ya kuulizia bei ya nyanya. Watu wengi walijifunza kukisikia kwenye vizuizi vya askari, miaka ya vita na miaka iliyofuata, na masikio yao yalikuwa bado hayajastaafu.

"Kaa chini, mwanangu," Afande akamwambia yule wa kitambulisho. "Mimi natafuta gemu."

Kwa sababu ya Kiswahili hicho tulizoeana. Mimi nilikuwa na hamu ya kukizungumza, naye alikuwa amechoka kuona watu wakishtuka. Hata hivyo cha kwangu hakikumpendeza. "Kiswahili yako inaomba-omba sana," aliniambia. "Tafadhali, samahani, naomba. Wewe Mkenya, dereva atakusikiliza saa ngapi?"

Wafula, kwa kuwa biashara ni biashara, alimvutia sanduku la CD alizonakili mwenyewe. "Ziko zote, Afande. Mpira, vita, malori. Moja kwa bei ya kikomando." Kikomando ni chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharagwe, na pale Wandegeya bei zote hulinganishwa nacho.

"Hii ni original?"

"Afande, mtaa huu mzima hakuna original. Hata mimi sina uhakika kama ni original."

"Mimi siwezi kuweka kitu ya wizi kwa nyumba ya polisi. Wakikuja kusaka?"

"Nani atakuja kusaka nyumba yako, Afande?"

"Mimi."

Tangu siku hiyo Wafula alilisukuma lile sanduku chini ya meza kila alipomwona akija. Afande alijua. Aliketi kwenye kiti cha wateja na kuegemeza buti zake juu ya sanduku lilelile, akipumzika. Nilimuuliza siku moja mbona hamkamati Wafula. "Mimi ni wa trafiki," akasema. "Hiyo sanduku inatembea?"

Alichotaka ni mchezo wa malori. Si mbio za magari, hizo alizidharau. "Watu wanakimbia, hakuna anaenda mahali." Alitaka lori lenye mzigo, barabara ndefu, na mji wa kufikia. Tulidhani ni mapenzi ya kazi, kwa maana magari aliyajua. Kwa kunusa tu aliweza kukwambia breki za basi zimeungua. Kwa jinsi dereva alivyoteremsha kioo alijua kama ana leseni au ana hadithi. Wafula alimpisha kwenye kompyuta ya dukani ajaribu mchezo mmoja. Afande akashika kibodi kama mtu anayeshika mtoto wa jirani, akainama, akaninong'oneza, "Mkenya. Ya kwenda ni gani?"

Nikamwonyesha.

"Na ya kusimama?"

Ndipo nilipofahamu. Afande hakuwahi kuendesha gari. Maisha yake yote ya kazi aliyasimamisha, akayazunguka, akayapiga kofi kwenye bodi, akayaruhusu yaende zake. Alijua kila kitu kinachoonekana mtu akiwa nje ya dirisha. Ndani ya dirisha hakuwahi kuingia ila kwenye kiti cha abiria. Hakuniambia nifiche, nami sikumtangaza. Nilivuta kigoda, nikamfundisha klachi, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeiona kwenye kompyuta tu.

Baada ya hapo alikuja karibu kila alipotoka zamu, kabla ya kupanda kwenda kambi ya polisi Naguru. Aliendesha polepole, mikono imekaza. Aliwasha taa ya kona mapema mno. Alisimama kwenye taa nyekundu za kwenye skrini hata kama upande wa pili hapakuwa na gari, hapakuwa na mtu, hapakuwa na kuku. Wanafunzi walijikusanya nyuma yake na kumchokoza.

"Afande, pita hilo basi, bambi, tafadhali, tunazeeka."

"Nipite na kona hii? Wewe ndiyo nitakutoa kwenye mtaro kesho."

"Rivasi, Afande! Tuonyeshe rivasi."

"Rivasi ni ya mtu alipotea njia. Mimi nilipotea?"

Ukweli ni kwamba rivasi ilimshinda. Alikuwa tayari kuzunguka mji mzima wa kwenye skrini, apite daraja, arudi na barabara nyingine, kuliko kurudi nyuma mwendo wa lori moja. Kila mtu alijua, na kila mtu alimwachia.

Naweza kusema mengi kuhusu ukali wake, lakini nilichokipenda ni kwamba hakuuona ukali huo. Alijiona mtu laini sana. Na kuhusu taa za barabarani alikuwa na msimamo ambao anayetoka nje ya Kampala huona ni kichekesho. Pale mjini taa zinaweza kuwa nzima, zinawaka rangi zote kwa zamu, na bado askari yuko katikati ya makutano akiamrisha kinyume chake. Taa inasema simama, mkono wa askari unasema njoo, na dereva hufuata mkono. Nilipomuuliza ni kipi hasa kilicho sheria, alishangaa swali. "Taa ni msaidizi," akasema. "Mimi nikiwa hapo, taa inapumzika."

Sasa nieleze kwa nini mtu mwenye mshahara wake alikaa muda wote huo bila kununua mchezo.

Kwanza ni bei. Mchezo halali kwenye duka la mtandaoni uliuzwa kwa bei ya mbuzi, tena mbuzi aliyeshiba. Wafula alimweleza kwamba duka hilo hushusha bei kwa misimu, na Afande akaanza kuulizia msimu kama mkulima. "Imeshuka?" alikuwa akiuliza akiwa bado barabarani. "Bado, Afande." "Basi naenda." Na alikwenda, kiganja mbele.

Jambo la pili lilikuwa kubwa kuliko bei. Afande alikuwa anakaribia kustaafu, na nyumba ya kambi ni ya kambi. Angerudi kwao kaskazini, mahali ambapo, kwa maneno yake, mtandao uko juu ya kichuguu. Ukipanda unaupata, ukishuka umeuacha huko juu. Mchezo atakaonunua ulipaswa kufunguka huko, na uendelee kufunguka. Hakutaka kufika uzeeni na lori limefungiwa gereji.

Kwa hiyo alibuni kipimo chake, na akakiita kupeleka porini. Mchezo wowote tuliomsifia, aliagiza modemu ichomolewe. Si kuzimwa, ichomolewe na kuwekwa mezani aione. Kisha alikunywa chai, kikombe kizima, duka lote likiwa halina mtandao na wanafunzi wakilalamika kwamba wana kazi za kutuma. Baada ya chai alisema, "Sasa washa." Michezo mingi ilianguka hapohapo. Ilileta ujumbe kwamba haiwezi kumthibitisha mwenyewe, na Afande alisoma ujumbe huo kwa sauti kama anamsomea mtu mashtaka. Jambo hilo likaenea. Ikafika mahali wanafunzi waliokuja kuuliza michezo halali, wachache waliokuwepo, waliuliza kwanza, "Imeshapelekwa porini?"

Mwisho ikabaki miwili.

Wa kwanza ulikuwa mzuri ajabu. Mvua ilinyesha kwenye kioo cha lori na vifagio vikaifuta. Vioo vya pembeni vilionyesha barabara uliyoiacha. Zaidi ya yote, ulikuwa na sheria. Ukipita taa nyekundu ulitozwa faini papo hapo, ukizidisha mwendo ulitozwa. Mara ya kwanza Afande alipotozwa faini kwa kukanyaga mstari, alifurahi hata akatuita sote tuje tuone. "Hii barabara ina wenyewe," akasema.

Wa pili ulikuwa mbaya wa sura. Ng'ombe wake walikuwa maboksi manne yaliyosimamishwa juu ya vijiti. Mvua yake ilikuwa kama tambi. Ulitengenezwa na mtu mmoja mahali fulani, akauuza mwenyewe kwa bei ndogo, faili zima bila kufuli. Ukishalipa unaliweka kwenye flashi, unaliweka kwenye kompyuta yoyote, hakuna anayekuuliza. Porini ulipita bila hata kukohoa. Lakini haukuwa na sheria yoyote. Ungeweza kupita taa nyekundu ukipiga honi na hakuna ambacho kingetokea.

Tena ulikuwa na kasoro. Kabla ya daraja kuu palikuwa na makutano, na taa ya makutano hayo ilikuwa nyekundu daima. Aliyeutengeneza alisahau kuipa kijani. Wachezaji wote duniani, nadhani, waliipita tu, wakavuka, na nusu nzima ya ramani ilikuwa ng'ambo ya daraja hilo: milima, ziwa, mji mkubwa. Afande alifika pale, akasimama. Akangoja. Alingoja hadi mwanafunzi mmoja akaenda kununua kikomando na kukimaliza.

"Afande, hiyo haibadiliki," nikamwambia. "Ni kosa la mchezo. Pita tu."

"Mimi nipite?"

Aliniangalia kana kwamba nimemwambia avue yunifomu sokoni. Alizima lori, akainuka. "Hii gemu inaishia hapa," akasema, na kwake ilikuwa kweli. Ule mchezo usio na kufuli ulikuwa na barabara nusu.

Kisha msimu ukafika. Bei ya ule mzuri ilishuka, na Afande akaja na pesa zake zimekunjwa ndani ya kitambaa. Wafula alikuwa na mchezo huo kwenye akaunti yake, wakaupeleka porini mara ya mwisho. Modemu mezani, chai, washa. Ukafunguka. Mvua, vifagio, vioo, vyote. Afande akaanza kufungua kitambaa.

Wafula alikuwa mfanyabiashara, lakini kwa Afande alishindwa. "Nikwambie ukweli," akasema. "Hapa umefunguka kwa sababu jana ulikuwa na mtandao. Ukikaa nao porini muda mrefu, ipo siku utakataa mpaka uripoti."

"Kuripoti kwa nani?"

"Kwa mwenyewe."

"Mwenyewe si mimi? Si nimenunua?"

"Umenunua ruhusa ya kuucheza, Afande. Mchezo ni wao."

"Na hao wenyewe siku moja wakifunga duka?"

Wafula akakuna shingo. "Basi umefungwa nalo."

Afande aliacha kufungua kitambaa, buti zake juu ya lile sanduku. Nikajua anachopima. Upande mmoja palikuwa na barabara nzima yenye sheria, na kizuizi mlangoni ambacho kingeweza kufungwa siku yoyote na mtu asiyeonekana. Upande mwingine hapakuwa na kizuizi, na barabara iliishia kwenye taa. Pesa ilitosha mmoja tu, na uzee wake wote wa kuendesha ulikuwa hapo katikati.

Nilimwonea huruma, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba chini ya buti zake kuna nakala ya ule mzuri, imevunjwa kufuli, haihitaji kuripoti popote. Angeichukua bure.

"Mkenya," akasema, "mimi nimesimamisha gari za watu, nikauliza hii ni ya nani, mpaka sauti ikaisha. Sasa niende kwetu na lori siwezi kujibu ni ya nani?" Akakunja kitambaa chake. "Nitaamua nikivua hii nguo." Akainua kiganja, akavuka.

Sikujua aliamua nini. Miguu yangu ilianza tena mambo yake, na kabla Afande hajastaafu nilikuwa nimeondoka Kampala. Nilikaa Arua, nikakaa Juba, nikarudi Kitale nikakuta vitanda vyote vina watu, nikaondoka. Popote nilipoona kompyuta imewashwa dukani nilijikuta nikifikiria lile lori. Nilikuwa nimevuka miaka arobaini na sina hata baiskeli, ila nilijali sana kama mwanamke mmoja wa kaskazini anaendesha au haendeshi.

Siku moja nilikuwa kwenye lori la vitunguu linalopanda kaskazini kuelekea mpakani, nikiwa abiria wa kulipia. Dereva alikuwa mtu wa haraka, hakuwa amesimama tangu asubuhi, hata nilipomwomba kwa sababu za msingi. Tulipofika kwenye kituo kidogo cha biashara, maduka machache na bango la sabuni, mwanamke mzee wa kandambili na kitenge alitoka pembeni ya barabara, akainua kiganja. Lori likasimama. Dereva mwenyewe aliutazama mguu wake kama haukuwa wake.

Mwanamke alikwenda moja kwa moja nyuma, akapiga tairi kofi. "Hii imekufa zamani," akasema kwa Kiswahili. "Shuka uone."

Tukashuka tukaona. Waya zilikuwa nje. Dereva akaanza kutafuta jeki, naye akanigeukia mimi, akaniangalia kuanzia viatu.

"Mkenya. Bado unaomba-omba?"

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Kuja."

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya maduka, safi, na kipande cha sola juu ya bati. Ndani kulikuwa na meza, na juu ya meza kompyuta imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio za zamani. Sikutaka kuuliza. Alikiondoa kitambaa, akaiwasha, akavuta kiti chake na kunisogezea kigoda, kama vile dukani. Wala modemu sikuiona popote.

Skrini ikawaka, na mbele yetu wakatokea ng'ombe wa maboksi.

"Ulichukua ile mbaya," nikasema.

"Nilichukua yangu," akasema. "Kompyuta ya kwanza ilikufa na radi, nikaiweka kwa hii. Hakuna mtu aliniuliza kitu."

"Na sheria, Afande? Hii si haina sheria?"

"Sheria nilikuja nayo."

Akaondoa lori. Aliendesha vizuri sasa, mikono imelegea, ila taa ya kona bado aliiwasha mapema mno. Tulipita mji wa kwanza, akasimama kwenye kila taa. Tulipita shamba la maboksi ya kijani ambayo nadhani yalikuwa mahindi. Aliniambia habari za Wafula, kwamba alimtumia chumvi ya kwao Bungoma, naye Afande akaona haina tofauti na nyingine. Kisha barabara ikanyooka, nikaanza kuona kwa mbali nguzo za daraja, na mbele ya daraja ile taa nyekundu, vilevile kama tulivyoiacha.

Ng'ambo kulikuwa na milima, ziwa na mji mkubwa, na nilifikiria uzee wote mtu akifika hapa, anasimama, anazunguka arudi. Na rivasi yake ile.

Afande alipunguza mwendo. Akasimama nyuma ya mstari, sawasawa. Akavuta breki ya mkono.

Kisha akainuka kitini. Akakaza kitenge kiunoni, akaenda kusimama pembeni ya meza, mgongo wima, uso kwa skrini. Akanyoosha mkono wa kushoto, kiganja wazi, kuelekea barabara ya pembeni ambayo haikuwa na gari hata moja. Akaushikilia hapo mpaka aliporidhika kwamba wamesimama wote. Halafu kwa mkono wa kulia akaliita lori lake: njoo, njoo, haraka, njoo.

Akarudi mbio kitini kwa hatua fupi za kandambili, akaachia breki, akaondoka chini ya taa nyekundu na kupanda daraja. Alipofika usawa wa pale aliposimama alipiga honi mara moja, fupi, ya kumshukuru askari.